Ngoma Kuu kwa Walio Hatarini

Jumatatu, 28 Agosti

Shajara, niwie radhi. Sijakuandikia neno tangu Pasaka. Sikuugua wala sikusafiri. Nilikuwa nimekasirika tu, na mtu mwenye hasira huandika vibaya.

Sababu ya hasira ina jina: Zulema Barrientos. Mwalimu wa hisabati. Alitujia mwaka jana kutoka mji mkuu, na kompyuta kwapani kama mtu aliyebeba mkate.

Leo Ofisi ya Elimu ya mkoa imetuletea agizo. Iliki inakaribia kuiva. Kila mwaka, gwaride la Siku ya Uhuru likishapita, wanafunzi hupanda malori ya vibarua kwenda kuichuma na hatuwaoni tena. Mwaka huu kila shule itambue mapema nani yuko hatarini kuacha masomo, na imzuie. Mkaguzi atakuja mwisho wa Septemba. Mbinu itakayompendeza itafundishwa mkoa mzima, kwa jina la aliyeibuni.

Kwa jina! Nikaketi wima.

Kumbe Zulema ameshajitayarisha. Anaingiza mahudhurio na alama ndani ya kompyuta yake, nayo inampaka kila mtoto rangi: nyekundu, njano au kijani. Walimu wamempigia makofi. Nimesimama nikasema kwamba mimi, Hermógenes Ical, makamu mkuu wa shule hii, nimefundisha hapa tangu paa lilipokuwa la nyasi, na kwamba nina macho. Zulema akajibu, kwa ile adabu yake inayokera, kwamba macho yangu ni mazuri sana, ila hayatoi rangi ya njano.

Mkuu wetu, Bwana Rigoberto Sierra, alicheka. Aliziba mdomo kwa leso, lakini nilimwona.

Jumanne, 29 Agosti

Nimeanza na macho. Dalili ya kwanza: buti za mpira. Mtoto anayekuja shuleni na buti za mpira ameshahamia shambani moyoni mwake. Nimesimama langoni tangu alfajiri. Buti tele! Nimewaweka pembeni wote waliozivaa, nikawahutubia juu ya thamani ya elimu mpaka kengele ikalia.

Nilipomaliza, mvulana mmoja akainua mkono kwa heshima. Akaniuliza kama Mwalimu amesahau kwamba daraja limechukuliwa na mto, na kwamba wote wanaokaa ng'ambo wanavuka kwenye tope. Alikuwa mpwa wa Bwana Sierra.

Nilijua habari za daraja. Nilisahau tu.

Zulema alipita wakati huohuo, naye amevaa buti za mpira. Aliniuliza kama ajipange foleni.

Alhamisi, 31 Agosti

Nimepata! Nimeipata wakati wa kunyoa, nikajikata.

Swali si kwa nini watoto huondoka baada ya gwaride. Swali ni kwa nini hubaki mpaka siku ya gwaride. Jibu: bendi! Na bendi ni yangu. Ufunguo wa stoo ya vyombo unaning'inia shingoni mwangu, na sheria ya bendi niliitunga mwenyewe: asiyehudhuria darasani asubuhi hagusi chombo alasiri. Hakuna mpiga ngoma wangu anayekosa shule. Hata mmoja.

Kwa hiyo, aliye hatarini apewe ngoma. Basi! Haihitaji umeme. Nimeiita Mbinu ya Ical.

Nimemweleza mke wangu, Tránsito. Ameuliza ngoma zenyewe zitatoka wapi, maana zote zina wapigaji. Nikamwambia zitatoka kwa wale wasio na hatari yoyote. Akauliza nitawajuaje. Nikamwambia ni rahisi, ndio hao wanaozipiga sasa, hawakosi shule kamwe. Akarudi kukanda unga wake wa mahindi. Tránsito ni mwanamke mwema, lakini hana akili ya mipango.

Ijumaa, 1 Septemba

Leo nimeanza na chombo kinachotamaniwa kuliko vyote, ngoma kuu. Ni moja tu. Mpigaji wake hubeba mwendo wa shule nzima tumboni mwake.

Wa kupewa: Elmer Xol, kidato cha tatu. Mwezi uliopita alionekana mara chache kuliko mvua ya kiangazi. Kompyuta ya Zulema nayo inamwonyesha mwekundu kabisa. Ndiyo mara ya kwanza mimi na mashine ile kukubaliana, na sikufurahia.

Wa kunyang'anywa: Ofelia Caal, kidato cha tatu vilevile. Amepiga ngoma kuu tangu kidato cha kwanza. Hajakosa siku. Alama zake nzuri. Kijani, kijani, kijani. Nimemwita, nikamweleza kwamba kunyang'anywa huku ni sifa, kwa sababu yeye hana shida yoyote na anaweza kumwachia mwenzake mwenye shida. Amesema, "Sawa, Mwalimu." Akaiweka ngoma chini polepole, akalaza marungu yake ya kupigia juu ya ngozi, moja sambamba na jingine. Mtoto mwenye adabu! Wangekuwa wote hivi.

Elmer aliipokea kama mtu aliyekabidhiwa ng'ombe wa jirani. Ameahidi kuja kila siku.

Jumatatu, 4 Septemba

Elmer amekuja! Saa moja kamili! Nimemzungusha mbele ya dirisha la Zulema mara mbili.

Ofelia hayupo. Nadhani ni mafua. Hali ya hewa ni mbaya.

Jumatano, 6 Septemba

Balaa. Habari zimevuja kwamba ngoma hupewa walio hatarini.

Asubuhi hii nusu ya kidato cha pili ilikuwa imekaa juu ya ukuta nje ya shule, wote wamevaa buti za mpira, na wale wa upande huu wa mto wamezipaka tope kwa mikono. Nimewauliza wanafanya nini. Wamejibu kwa pamoja kwamba wanaacha shule. Mmoja alikuja na panga. Mwingine alipiga miayo kila nilipomtazama. Msichana mmoja amenifuata mpaka chooni kuniarifu kwamba anaacha Ijumaa, ila akipata tarumbeta atafikiri upya.

Mchana akaja mzazi, mke wa mwoka mikate. Amepiga meza yangu. Amesema mwanawe amerudi nyumbani analia kwa sababu ameambiwa hayuko hatarini. "Kwani mwanangu ana upungufu gani, Mwalimu? Hata kuwa hatarini kuna upendeleo? Si kwa sababu mkate wangu wewe huununui?" Nimemwambia mwanawe ana alama bora darasani. Amesema hizo zinaweza kurekebishwa.

Kompyuta ya Zulema imegeuka nyekundu tupu, maana wote wamemtaka awaandike kwamba wanaacha shule. Amekuja ofisini kwangu akiwa ameishika kama sahani iliyomwagika mchuzi. Amesema nimemharibia takwimu za mwaka mzima. Nimemwambia mashine inayodanganywa na tope si mashine. Akasema tope hilo ni langu.

Ofelia bado ana mafua.

Ijumaa, 8 Septemba

Nimetangaza kwamba hakuna ngoma nyingine itakayogawiwa. Ukuta umebaki mtupu. Wameingia darasani wakinung'unika kama watu waliofukuzwa harusini.

Mazoezi ya alasiri: Elmer anapiga kwa nguvu. Naandika neno nguvu kwa sababu sina neno jingine la kumsifia. Akichoka, anasimama kupumua, na bendi nzima inasimama na mguu mmoja hewani. Nery Tzib, anayepiga lira, ile ya vibao vya chuma inayobebwa kifuani, amejaribu kumhesabia mwendo kwa kichwa. Nery ni mvulana mkimya. Sidhani nimewahi kusikia sauti yake.

Zulema ameniuliza kama nimemwona Ofelia Caal. Nikamwambia, mafua. Akatazama kompyuta yake na kusema ndiyo, humu bado ni kijani.

Ijumaa, 15 Septemba. Siku ya Uhuru

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye duka la mwoka mikate, kwa sababu mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri. Tarumbeta mbele, lira, ngoma ndogo, kisha Elmer, kisha shule nzima nyuma yetu kwa sare iliyopigwa pasi. Mimi kando, na suti yangu ya kanisani. Pale dukani Elmer akamwona shangazi yake. Akampungia. Kwa rungu!

Kuanzia hapo kila mtu alitembea kwa imani yake. Tulikuwa tunakaribia jukwaa la meya. Nimeona safu za mbele zikishuka na mguu wa kushoto na za nyuma na wa kulia, kama jongoo aliyelewa. Nikapuliza filimbi. Ikawa mbaya zaidi.

Ndipo nikasikia mwendo. Mwendo safi, mzito, usioyumba. Ulitoka kando ya njia, kwenye kona ya bustani, mahali wanapouza uji wa mahindi. Ofelia Caal alikuwa amesimama nyuma ya sufuria ya mama yake, na upawa mkononi, akipiga ubavu wa sufuria. Hakututazama. Aliangalia chini, kama mtu anayejipigia mwenyewe. Safu za nyuma zikamfuata. Kisha za kati. Kisha za mbele. Hata Elmer! Shule ikawa mwili mmoja. Tukapita mbele ya jukwaa kwa mwendo ambao sijauona tangu nianze kazi hii.

Tatizo ni kwamba wote waligeuza vichwa upande wa sauti. Meya alikuwa upande wa pili. Shule yetu, mbele ya mkoa mzima, ilitoa heshima kwa sufuria ya uji.

Gwaride lilipovunjika nikaenda kumkaripia. Mgonjwa wa mafua, juma zima na zaidi, anaonekana barabarani akivuruga sherehe za taifa! Mama yake, Felisa Choc, alinitangulia kusema.

"Karibu, Mwalimu. Uji wa moto au uliopoa? Kwa uso huo nakushauri uliopoa."

Nikamwambia sikuja kunywa uji. Nataka kujua kama binti amepona mafua.

"Mafua gani?"

Akachota uji, akanipa kikombe, akaendelea kuhudumia wateja huku akisema nami kwa upande wa mdomo. Amesema huyu binti alikuwa akiamka kabla ya majogoo kwa ajili ya lile dude letu la kupiga. Hesabu alizivumilia. Historia aliivumilia. Hata mimi alinivumilia. Siku nilipolichukua alirudi nyumbani, akavua sare, akaikunja, akalala mpaka jua likaingia ndani. "Nikasema haya, kama huna la kuamkia, kazi ipo. Jumanne anapanda lori la iliki na binamu zake."

Jumanne. Na mtihani wa kumaliza kidato cha tatu ni Oktoba! Miaka mitatu, na amebakiza mwendo wa kutoka kitandani hadi mlangoni. Bila cheti hicho hakuna anayemwajiri mtu hapa hata kufagia benki.

Nikamgeukia Ofelia. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

Amesema, bila kiburi chochote, "Mwalimu, wewe ndiye uliyesema sina shida."

Nikashukuru kwa uji. Nikaondoka na kikombe chao.

Jumamosi, 16 Septemba

Nimemweleza Tránsito yote. Nimemweleza pia kwamba mbinu ilikuwa sahihi na kosa lilikuwa la shangazi wa Elmer. Amesema, "Mzee, rudisha kikombe cha watu."

Hiyo ndiyo njia! Kikombe! Nina sababu ya kwenda kwao.

Jumatatu, 18 Septemba

Nimekwenda baada ya vipindi, na suti tena, kikombe mfukoni. Pale mtoni, kwenye tope, namkuta nani? Zulema. Naye anakwenda kwa Felisa. Nikamuuliza kama kompyuta imemtuma. Amesema hapana. Ofelia bado ni kijani, kwa sababu mashine husubiri mtoto asiyetangaza kuacha akose shule majuma matatu ndipo ibadili rangi, na kabla ya hapo hudhani ni ugonjwa.

"Mafua," nikasema.

"Mafua," akasema.

Ilinipasa kufurahi. Nilifurahi kidogo. Kisha nikateleza, na Zulema akanishika mkono mpaka ng'ambo, jambo ambalo sitalisahau wala kulisamehe.

Ofelia alikuwa uani akifungasha: gunia, nailoni ya kujifunikia mvua, panga. Nikatoa hotuba juu ya thamani ya elimu. Felisa akauliza kama hii ni ileile ya buti, maana wameshaisikia kwa jirani. Zulema akajaribu hesabu: mwenye cheti hupata nini, asiye nacho hupata nini. Ofelia alisikiliza vizuri sana. Aliendelea kukaza kamba ya gunia.

Basi nikasema kwamba Oktoba, kwenye sherehe ya kufunga mwaka, bendi itapiga. Na mazoezi yanaanza kesho. Na nahitaji mtu wa ngoma kuu.

Mikono ya Ofelia ikasimama juu ya kamba.

Ameuliza nani ameamua hivyo, maana kila mwaka vyombo hufungiwa siku gwaride linapokwisha. Zulema akafungua kinywa kusema ukweli. Nikamkanyaga. Buti za mpira hazisikii kitu. Nikamkanyaga tena.

"Mimi ndiye niliyeamua," nikasema.

Ofelia akanyoosha mkono. Nikadhani ananiaga. Nikampa mkono wangu. Akasema, "Hapana, Mwalimu. Ufunguo."

Ufunguo huo haujatoka shingoni mwangu tangu niupokee. Tránsito husema siku ya kunizika itabidi nizikwe nao. Nikauvua. Uzi ulinikwama sikioni, na hakuna aliyecheka, isipokuwa Felisa.

Felisa akasema haya, mpaka mtihani. Akishapata cheti ndipo watazungumza habari za iliki. Lakini nikimnyang'anya tena, nisije pale na suti yangu. Nikatoa kikombe. Akakitazama ndani, akaniambia nikakioshe.

Usiniulize, Shajara, kama binti alikubali. Hakusema ndiyo. Alishika ufunguo tu. Gunia lilikuwa bado limefungwa tulipoondoka.

Jumanne, 19 Septemba

Nimefika langoni kabla ya mlinzi. Lori la vibarua hupita mbele ya shule likielekea mashamba ya iliki ya Senahú. Limepita. Watu wamejaa juu, wamejifunika nailoni mpaka kichwani, huwezi kujua nani ni nani. Niliapa kutotazama. Nimetazama. Nimelikimbilia mpaka kona nikiita jina lake, na nailoni moja ikajifunua. Bibi mmoja mzee akaniuliza nataka nini kwa sauti yote hiyo asubuhi.

Nikarudi. Lango lilikuwa mbali kuliko siku nyingine.

Nilipofika uani nikasikia stoo inafunguliwa. Bawaba zile hulia; nimezisikia nusu ya maisha yangu. Kisha pigo moja. Kisha jingine. Madirisha ya ofisi yakatikisika. Nikamkuta katikati ya vumbi, kwa sare, akiikaza ngozi ya ngoma. Amesema Elmer ameilegeza, na kwamba mtu asiyejua kukaza asipewe.

Asubuhi nzima ameketi darasani, ngoma imefungiwa stoo na ufunguo shingoni mwake. Kwa mujibu wa sheria yangu!

Zulema alipoita majina na kufika kwa Ofelia Caal Choc, akaitikiwa. Macho yake yakajaa. Amesema ni vumbi la chaki. Shule yetu haijatumia chaki tangu mwaka juzi.

Jumatano, 20 Septemba

Bwana Sierra ameniita. Amefoka. Amesema Ofisi ya Elimu imepiga marufuku vyombo vya muziki mpaka mitihani ipite, ila kwa ruhusa ya wazazi, na kwamba jana hakuweza kusikia hata simu yake. Ameuliza nani aliruhusu sherehe ya Oktoba iwe na bendi. Nikasema, mimi. Zulema, ambaye hakuulizwa, akasema na yeye. Sikumwomba. Sasa itabidi nimshukuru siku fulani.

Kamati ya wazazi itaketi Ijumaa kuamua kama ngoma itapigwa au la. Felisa Choc ameshatangaza kwamba atahudhuria na sufuria. Mke wa mwoka mikate naye atakuja. Naona matumaini.

Limebaki jambo dogo. Elmer Xol. Amekuja mezani kwangu, kofia mkononi, akaniarifu kwa masikitiko kwamba kwa kuwa hana tena ngoma, kuanzia leo yuko hatarini upya. Ameona ni vyema niwe wa kwanza kujua. Lori jingine ni Jumanne ijayo.

Sitashindwa na Elmer. Na mkaguzi bado hajaja! Mbinu ya Ical ilihitaji marekebisho madogo tu: si ngoma, bali kitu chepesi ambacho mtu anaweza kumpungia shangazi yake bila kusimamisha taifa. Nimepitia vyombo vyote moja moja. Lira! Ndiyo yenyewe.

Inapigwa na Nery Tzib. Nimechunguza kwa makini, maana safari hii sitaki kukurupuka. Nery hajakosa siku hata moja tangu ajiunge na bendi. Alama nzuri. Hasemi, halalamiki. Kwenye kompyuta ni kijani kama jani. Leo nimemwita na kumweleza kwamba ni sifa. Amesema, "Sawa, Mwalimu," akaiweka chini kwa uangalifu mkubwa, na vinyundo vyake juu, kimoja sambamba na kingine.

Mtoto mwenye adabu!

Kamati ikishaamua, Shajara, nitakuandikia. Safari hii sitanyamaza.